Kuunda Ndege za Karatasi: Anza na Ile Unayoiona Angani

Wengi wanaojaribu kuunda ndege za karatasi huishia njiani kwa sababu moja: wamechagua ndege isiyowafaa. Kijana anaona picha ya Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza yenye mabawa ya mviringo, anapakua mchoro wake kwenye intaneti, anauchapa, na kufikia jioni ana vipande visivyokubali kukaa pamoja na vidole vilivyoganda gundi. Anajiambia hana mikono ya kazi hiyo. Mikono anayo. Ndege ndiyo haikuwa ya kuanzia.

Nieleze kwanza ni ndege zipi ninazozungumzia. Si zile za kukunja karatasi ya daftari na kurusha darasani, ingawa nazo zina elimu yake. Nazungumzia ndege ya kuweka mezani: mfano wa ndege halisi, kwa vipimo vyake, uliokatwa, ukakunjwa na kugundishwa hadi ukapata mabawa, mkia, injini na magurudumu. Kazi hii ina historia ndefu, na ilistawi hata katika miaka ambayo vifaa vingine vilikuwa adimu. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1940, Geoffrey Heighway aliuza Micromodels, pakiti za kadi ndogo za ukubwa wa kadi ya posta. Nchini Poland, jarida la Mały Modelarz lilianza kutoka mwaka 1957, na limewalea waundaji wa vizazi kadhaa kwa ndege za skeli ya 1:33. Nchini Marekani, Luca Iaconi-Stewart alianza mwaka 2008, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, kuunda Boeing 777 ya Air India kwa skeli ya 1:60, na malighafi yake ilikuwa mafaili ya manila, yale yale yaliyojaa kwenye makabati ya ofisi zetu. Viti vya abiria, milango, magurudumu yanayokunjika na kuingia tumboni: vyote manila. Ndege hiyo ina urefu unaozidi mita moja.

Manila hiyo inauzwa Morogoro na inauzwa Kisumu. Kinachokosekana kwa wengi ni mtu wa kuwaeleza tabia ya karatasi.

Karatasi hukubali kupinda upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Iviringe iwe mrija, inakubali. Iviringe iwe koni, inakubali. Jaribu kufunikia chungwa nayo, itajaa makunyanzi na kuchanika, kwa sababu chungwa limepinda pande zote mbili. Hiyo ndiyo kanuni inayotawala kazi nzima. Kila ndege ya karatasi ni mkusanyiko wa mirija, koni na vipande bapa, na kila mahali ambapo ndege halisi imeviringana, mchoraji amelazimika kuigawa katika pete nyembamba zinazopokezana. Mviringo ukizidi, pete zinaongezeka, na kila pete ni kiungo kingine kinachoweza kwenda upande. Spitfire imeviringana karibu kila mahali. Ndiyo maana inawashinda wanaoanza.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni Dash 8 Q400, ndege ya pangaboi ambayo Watanzania waliizoea kwa jina la Bombardier tangu Air Tanzania ilipopokea mbili za kwanza Septemba 2016. Nchini Kenya inarushwa na Jambojet. Sehemu kubwa ya mwili wake ni mrija ulionyooka. Bawa lake liko juu ya mwili, na kati ya injini mbili bawa hilo lina upana uleule, linaanza kuchongoka baada ya injini. Mkia wake una umbo la herufi T. Halafu kuna faida ambayo naithamini kuliko zote: unaweza kwenda kuitazama. Ukikwama kwenye umbo la mlango au namna miguu inavyoning'inia chini ya injini, ndege yenyewe itapita juu ya paa lako, au utaiona ukimsindikiza ndugu uwanjani. Ndege uliyoiona kwa macho yako hukuambia mahali ulipokosea. Ya picha moja ya mtandaoni haikuambii.

Mchoro wa kukata ukiupata tayari, vizuri. Tovuti ya Canon iitwayo Creative Park, kwa mfano, hutoa michoro ya bure ya vitu vingi vya karatasi, na inafaa kwa kuzoesha mikono. Usipoupata wa Q400, ndege hii inachoreka kwa rula, bikari na kipimapembe cha mwanafunzi, nami ningependa ujaribu kuichora.

Ndege halisi ina urefu wa mita 32.8, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita 28.4. Kwa skeli ya 1:100, kila mita moja inakuwa sentimita moja: urefu sm 32.8, mabawa sm 28.4. Skeli hii ni rahisi kwa hesabu na vipande si vidogo mno kwa vidole. Kipenyo cha mwili ni mita 2.69, kwa hiyo mrija wako utakuwa na kipenyo cha sm 2.69. Zidisha kwa 3.14 upate mzingo: karibu sm 8.45. Basi mwili wa ndege ni mstatili wenye upana wa sm 8.45, ukaviringwa. Kwa kuwa karatasi ya A4 ina urefu wa sm 29.7 tu, mwili hautoki katika karatasi moja. Ugawe, pua na mkia vikatwe peke yake.

Puani ndipo penye raha ya kuchora. Tuseme unataka pete inayoanza na nusu kipenyo cha milimita 13.5 pale inapokutana na mrija, na kuishia na milimita 9 kuelekea mbele, na mteremko wa ukuta wake uwe milimita 10. Tofauti ya nusu vipenyo ni 4.5. Chukua mteremko, 10, zidisha kwa 13.5, gawanya kwa 4.5: unapata 30. Fungua bikari milimita 30 uchore tao. Punguza 10, funga bikari hadi 20, chora tao la pili kutoka kituo kilekile. Sasa pembe: 360 mara 13.5, gawanya kwa 30, ni nyuzi 162. Pima nyuzi 162 kwa kipimapembe, kata kipande kilichobaki kati ya matao mawili, kiviringe, na pete yako itakaa juu ya mrija sawasawa. Kwa hesabu hiyo hiyo unachora pete ya pili, ya tatu, hadi ncha. Pua ya Q400 imelala kidogo, sehemu ya juu yenye vioo vya rubani haifanani na ya chini, lakini kwa ndege ya kwanza pete nne zilizokaa katikati zinatosha kabisa na jicho litaitambua ndege. Mwalimu wa hisabati anayesoma hapa aipeleke hesabu hii darasani. Sijaona njia bora ya kumwonyesha mwanafunzi kwamba koni ni kipande cha duara kilichoviringwa.

Karatasi yenyewe ichague kwa mkono. Ile ya fotokopi ya gramu 80 ni laini mno kwa mwili. Itumie kwa majaribio na kwa vitu vidogo. Ngozi ya ndege inataka gramu 160 hadi 200. Fremu za ndani, yaani zile duara zinazozuia mrija usibonyee, zinataka ugumu wa karibu milimita moja: gamba la nyuma la kaunta buku, kalenda ya mwaka jana, au maboksi mawili ya nafaka yaliyogundishwa pamoja.

Kisha kuna jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi. Karatasi ina nyuzi, na nyuzi hizo zina mwelekeo. Shika karatasi nzima uipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande mmoja utapinda kwa wepesi zaidi. Mrija uviringe upande huo mwepesi. Nyuzi zitalala sambamba na urefu wa mwili na mrija utatoka laini. Ukiviringa kinyume, karatasi inavunjikavunjika na kuacha migongo midogo ambayo hakuna gundi itakayoificha. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazoelekea upande mrefu, lakini pima kila bunda jipya, maana hazifanani.

Ukichapisha mchoro kwenye duka la steshenari, mwambie anayechapa aweke asilimia 100. Kompyuta nyingi hupunguza mchoro wenyewe ili uingie ndani ya kingo za karatasi, na ndege iliyopungua kwa asilimia nne wakati fremu zake zimechapwa kwa ukubwa kamili haitafungika kamwe. Nenda na rula, pima mstari mmoja unaoujua kabla hujalipa. Chapa nakala mbili za kila karatasi; ya pili ni ya akiba. Printa ya wino wa maji hutoa rangi nzuri lakini rangi hiyo huchuja kwa jasho la vidole, basi ipulizie vanishi nyembamba na uiache ikauke kabla ya kukata. Ya leza haichuji, ila hupasuka kwenye mikunjo mikali.

Vifaa ni vichache. Kisu cha karatasi chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, mkasi mdogo, kibano, kioo kinene au kipande cha kigae cha kukatia, peni iliyokwisha wino, njiti za meno, vijiti vya mishikaki, msasa laini na gundi nyeupe ya mbao. Wembe ubadilishe mara tu unapoona karatasi inavutika badala ya kukatika; wembe butu huharibu kazi na ndio unaokata watu, kwa sababu unalazimika kuukandamiza. Mtoto mdogo mpe mkasi, wembe ushike wewe.

Gundi ya unga wa ngano, ile ya kuchemsha jikoni, iache kwa kazi nyingine. Ina maji mengi, inakunja karatasi, na mende wataitafuta usiku hadi waipate. Gundi ya maji ya ofisini nayo huvimbisha karatasi. Gundi ya mbao inatosha kwa kila kitu, mradi uitumie kwa uchache: chovya njiti ya meno, pangusa utando mwembamba kwenye ukingo, subiri kidogo hadi uanze kunata, kisha bana. Gundi ikitokeza nje ya kiungo, ujue umeweka nyingi.

Utaratibu wa kila kipande ni ule ule, na usikubali haraka iuvuruge. Kwanza piga mistari ya kukunjia kwa ile peni isiyo na wino, ukifuata rula, kabla ya kukata, kwa sababu kipande kikishakatwa ni kigumu kukishika. Kata. Paka kingo rangi kwa penseli ya rangi inayofanana na ngozi, maana mstari mweupe kwenye kila kiungo ndio unaoifanya ndege ionekane ya karatasi hata ukiwa mbali. Kisha pinda: laza kipande juu ya kitambaa kilichokunjwa, upande wa rangi chini, na uviringishe mpini wa peni juu yake ukikandamiza, hadi karatasi ijikunje yenyewe na kubaki hivyo bila kushikiliwa. Kipande kinachojifungua ukikiachia hakijawa tayari kwa gundi, kiviringe tena. Hapa ndipo ndege nzuri hutengana na mbaya. Gundi haiwezi kushindana kila siku na karatasi inayotaka kunyooka. Kiungo kitaachia wiki ijayo au msimu wa joto ujao. Baada ya kupinda, jaribu kipande mahali pake pakavu, bila gundi, na ukikuta kimezidi, punguza. Ndipo ugundishe.

Mrija usiufunge kwa kupandisha ukingo mmoja juu ya mwingine, utaota mgongo. Kata mkanda wa upana wa sentimita moja, ugundishe ndani ya ukingo mmoja, uache ukauke, kisha lete ukingo wa pili ukutane na wa kwanza juu ya mkanda huo. Fremu za ndani zikate ndogo kidogo kuliko kipenyo cha nje, karibu nusu milimita, kwa kuwa kadi ya gramu 200 ina unene wa takriban robo milimita kila upande. Fremu ikiingia kwa kusukumwa ni kubwa. Isugue kwa msasa hadi ikae bila kulazimishwa. Fremu kubwa hujionyesha nje kama mbavu, na mbavu hizo haziondoki tena.

Kabla hujafunga pua, tia sarafu au kokoto ndani na uishike kwa gundi. Mkia wa T ni mzito kwa karatasi, na bila uzito wa mbele ndege itakaa kwa mkia.

Bawa litengeneze likiwa limelala juu ya kioo. Kijiti cha mishikaki ndani yake, kutoka injini hadi injini na kupita kidogo, kinatosha kuwa mhimili. Ukingo wa mbele usiukunje mkali. Uzungushe juu ya sindano nene ya kufumia ili uwe wa duara, kisha ngozi ya juu na ya chini zikutane nyuma kwa utando wa gundi, na uweke vitabu juu hadi asubuhi. Bawa lililokauka likiwa mkononi hujipinda, na bawa lililojipinda halinyooki. Unapolipandisha mwilini, weka ndege mezani, pima kwa rula urefu kutoka meza hadi ncha ya kila bawa, rekebisha hadi zilingane, kisha rudi nyuma utazame kama mkia uko sambamba na bawa. Jicho la mtazamaji hugundua ulalo wa milimita mbili kabla halijagundua kasoro nyingine yoyote.

Yaliyobaki ni madogo. Magurudumu ni mikanda ya karatasi ya gramu 80 iliyoviringwa kwenye njiti na kushikwa kwa gundi. Miguu ni waya wa klipu uliovikwa karatasi, nayo kwa Q400 ni mirefu na hutoka chini ya injini. Pangaboi lake lina panga sita na kipenyo cha karibu sm 4.1 kwa skeli yetu. Nisingekushauri utoboe madirisha kwenye ndege ya kwanza, yachore tu.

Wakazi wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, wana kazi ya ziada. Unyevu hulegeza karatasi. Hifadhi kadi kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko, fanya kazi mbali na dirisha la upande wa bahari, na ndege ipe vanishi ndani ya mapengo kabla ya kufunga na nje baada ya kumaliza.

Kuna watakaouliza kama inaruka. Hairuki, haikuundwa kuruka. Anayetaka karatasi inayoruka kwa kweli atafute kazi za Yasuaki Ninomiya, mhandisi wa Kijapani aliyeshinda katika shindano la kimataifa la ndege za karatasi lililoandaliwa na jarida la Scientific American mwaka 1967, na baadaye akazichora zile ziitwazo White Wings. Hizo ni bapa, nyembamba, pua nzito, na zinafundisha mambo mengine kabisa.

Ukishamaliza Q400, usirukie ndege ya kivita. Nenda kwenye Fokker F27: mwili mrija, bawa juu, urefu sm 23.6 na mabawa sm 29 kwa skeli ile ile. Naitaja F27 kwa makusudi. Ilirushwa na East African Airways, shirika lililoanza mwaka 1946 na kuvunjika 1977, lililokuwa mali yetu sote, Tanganyika na baadaye Tanzania, Kenya na Uganda. Lilirusha DC-3, likarusha Comet 4 kuanzia 1960, na kuanzia 1966 Super VC10 zenye injini nne mkiani, baadhi zikiwa na usajili wa 5X wa Uganda, nyingine 5Y wa Kenya, nyingine 5H wa Tanzania. Waundaji wa Poland wamezichora ndege za nchi yao karibu zote. Za kwetu tusipozichora sisi, sioni ni nani atakayezichora. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekuwa fundi, rubani au mhudumu wa shirika hilo, mwombe akuonyeshe picha zake, zipige nakala, mwulize rangi za mistari na mahali herufi zilipoandikwa. Kisha kaa na bikari yako uchore, na mchoro ukishajaribiwa na kufungika vizuri, mpe na mwenzako bure.